Mtoto Ana Homa na Vipele: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Mzazi

Vipele vinavyomtoka mtoto mwenye homa huwatisha wazazi kuliko homa yenyewe, kwa sababu vinaonekana na kila anayepita hutoa maoni yake juu yake. Ukweli ni kwamba vipele vingi vinavyowapata watoto wa chini ya miaka mitano, vikiambatana na mafua, kikohozi au kuharisha, hutokana na mwili kupambana na virusi, na huondoka vyenyewe bila dawa yoyote. Vichache kati yake ni dalili ya ugonjwa unaoweza kuua kwa muda wa saa chache. Kazi ya mzazi si kupata jina la ugonjwa, kwa kuwa hata madaktari mara nyingi hawalihitaji jina hilo ili wamhudumie mtoto vizuri. Kazi yake ni kujua mtoto wake yuko katika kundi lipi kati ya hayo mawili, na hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano unaolenga kujibu swali hilo kwanza.

Natumia neno vipele kwa makusudi. Kwa wahudumu wengi wa afya, upele ni jina la ugonjwa unaoletwa na utitiri wanaochimba ngozi, ugonjwa unaowasha sana lakini usio na homa. Ukipiga simu kuomba ushauri, sema kwamba mtoto ana homa na ametokwa na vipele, usije ukajibiwa kuhusu ugonjwa mwingine kabisa.

Hatua ya kwanza: mtazame mtoto, ngozi isubiri

Usiku ambao mwanangu wa kwanza alitokwa na vipele, nilitumia karibu nusu saa nikivikagua mgongoni kwake kwa mwanga wa simu kabla ya kukumbuka kutazama anavyopumua. Tangu siku hiyo huwaambia wazazi wenzangu waanze na pumzi. Inua fulana ya mtoto akiwa ametulia au amelala, tazama tumbo na kifua vinavyopanda na kushuka, na uhesabu kwa dakika nzima, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mwendo mmoja na kuhesabu kwa sekunde chache kunaweza kukudanganya. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka zinazohitaji kuangaliwa na mhudumu wa afya. Nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, hali ni nzito zaidi, hata kama hesabu ni ndogo.

Baada ya pumzi, tazama kama anaamka vizuri, anakutambua na anakufuata kwa macho. Mpe maji au ziwa uone kama anameza. Mpeleke mtoto hospitali mara moja, bila kuendelea na hatua nyingine, ikiwa anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamshiki kwa urahisi, shingo yake imekakamaa, utosi umevimba, mikono na miguu ni ya baridi ilhali kiwiliwili kinawaka, au hajakojoa kwa saa nane na zaidi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, awe na vipele au asiwe navyo, kwa kuwa katika umri huo maambukizi makali yanaweza kujificha nyuma ya sura tulivu.

Kama hakuna dalili hata moja kati ya hizo, mpe dawa ya homa na umtazame tena baada ya saa moja. Homa yenyewe humfanya mtoto yeyote aonekane mgonjwa sana. Anayeanza kucheza au kudai chakula homa inaposhuka anakupa habari njema zaidi kuliko rangi ya vipele vyake. Anayebaki amelegea hata baada ya joto kushuka anahitaji daktari.

Hatua ya pili: bonyeza vipele kwa glasi

Chukua glasi isiyo na rangi, ile ya kunywea maji, na ubonyeze ubavu wa glasi hiyo kwa nguvu kiasi juu ya vipele huku ukitazama kupitia kioo. Vipele vingi vya virusi hutokana na mishipa midogo ya damu iliyotanuka, kwa hiyo damu ikisukumwa kando rangi yake hufifia au hupotea kwa muda. Madoa yasiyofifia chini ya glasi yana maana nyingine: damu imevuja nje ya mishipa na kukaa ndani ya ngozi. Mara nyingi huanza kama nukta ndogo za rangi nyekundu iliyoiva au zambarau, mfano wa alama za ncha ya kalamu, kisha huungana na kuwa mabaka yanayofanana na michubuko.

Madoa ya namna hiyo kwa mtoto mwenye homa ni dharura. Yanaweza kuwa dalili ya bakteria walioingia kwenye damu, wakiwemo wale wanaosababisha homa ya uti wa mgongo, na mtoto anapaswa kufika hospitali wakati huo huo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Ni kweli kwamba mtoto aliyekohoa au kutapika kwa nguvu anaweza kupata nukta chache kama hizo usoni na shingoni, na kwamba baadhi ya virusi navyo huzileta, lakini uamuzi wa kwamba nukta hizo hazina madhara si wa kufanyia nyumbani.

Kipimo cha glasi kina mipaka yake, na wengi huisahau. Katika saa za mwanzo za ugonjwa huo wa bakteria, vipele vinaweza kufifia kama vya kawaida, au visiwepo kabisa. Rudia kipimo kila baada ya saa chache mtoto akiwa bado na homa, na usikubali glasi ikutulize ikiwa hatua ya kwanza ilikutia wasiwasi.

Hatua ya tatu: kagua ngozi yote kwa mwanga mzuri

Mvue mtoto nguo zote, pamoja na nepi, karibu na dirisha wakati wa mchana ikiwezekana. Tazama nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, kwapani, kinenani, matakoni, viganjani, nyayoni na ndani ya mdomo. Maeneo haya ndiyo yanayotofautisha ugonjwa mmoja na mwingine, na ndiyo yanayorukwa mara nyingi zaidi.

Maelezo mengi ya vipele yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na neno “nyekundu” lililojaa humo huwapotosha wazazi wa watoto weusi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza kuonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea kidogo kuliko ngozi ya pembeni, na wakati mwingine usionekane kabisa. Pitisha ncha za vidole taratibu: vipele ambavyo jicho halivioni, kidole huvisikia kama mikwaruzo au vinundu. Kagua pia sehemu zenye rangi hafifu, yaani viganja, nyayo, upande wa ndani wa kope la chini na paa la kinywa, na kipimo cha glasi kifanyie huko vilevile.

Piga picha moja ya karibu na nyingine ya mbali kidogo inayoonyesha vipele viko sehemu gani ya mwili, kisha urudie kesho. Vipele vya virusi hubadilika haraka, na mara nyingi vinavyomleta mtoto kliniki huwa vimeshafifia anapofika mbele ya daktari.

Hatua ya nne: andika mfuatano wa siku

Hapa ndipo mzazi anapomsaidia daktari kuliko kipimo chochote. Chukua karatasi, uandike siku homa ilipoanza, siku vipele vilipotokea, vilianzia wapi, vilielekea wapi, na kama homa ilipanda au ilishuka vilipotokea. Andika pia dawa zote alizopewa na chanjo alizokwisha kupata.

Mfuatano ulio wazi kuliko yote ni wa roseola, ugonjwa wa watoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili. Mtoto huwaka homa kali kwa siku tatu hadi tano, wakati mwingine hadi kupata degedege, lakini mtu haoni chanzo chake. Kisha asubuhi moja anaamka mwili umepoa, anacheka, na mama anapombadilisha nguo anakuta vidoa laini vimetapakaa kifuani na mgongoni. Wengi hudhani ugonjwa mpya umeanza, au kwamba dawa ya homa imemdhuru mtoto, kumbe vidoa hivyo ndivyo vinavyotangaza kwamba ugonjwa unaisha. Hufifia ndani ya siku moja au chache, wala havihitaji kupakwa chochote.

Surua huenda kinyume chake, na tofauti hiyo inastahili kukaririwa. Huanza kwa homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu yanayotoa machozi na kuchukia mwanga. Ndani ya mashavu, upande wa magego, kunaweza kuonekana vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi juu ya ngozi iliyoiva. Siku ya tatu hadi ya tano tangu dalili za mwanzo, vipele hutokea kwenye mstari wa nywele na nyuma ya masikio, hushuka usoni, kifuani, hadi miguuni, na homa hupanda vinapotokea badala ya kushuka. Mtoto wa surua huonekana mgonjwa kwelikweli. Ugonjwa huu unaweza kuleta nimonia, kuharisha kukali, maambukizi ya masikio, upofu na uvimbe wa ubongo, kwa hiyo mtoto mwenye mfuatano huu lazima aonwe na mhudumu wa afya, ambaye pamoja na mambo mengine atampa vitamini A kwa siku mbili mfululizo: yuniti 50,000 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja na kuendelea. Usimpe mwenyewe kwa kukisia, kwa sababu vitamini A ikizidi ni sumu.

Tetekuwanga hutambulika kwa malengelenge madogo yenye maji yanayotoka kwa awamu, hivi kwamba siku moja utaona vipele vipya, malengelenge na magaga kwa pamoja kwenye eneo lile lile la ngozi. Huwasha, na huingia hata kichwani kati ya nywele.

Ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo huleta vidonda mdomoni pamoja na malengelenge kwenye viganja, nyayo na mara nyingi matakoni. Kinachowafikisha wazazi hospitalini kwa kawaida si vipele, ni kiu. Utamwona mtoto anakitaka kikombe, anakivuta kwa mikono miwili, anapiga funda moja, kisha anakisukuma na kulia, kwa maana maji yamegusa kidonda. Akirudia hivyo mara mbili tatu hukataa kikombe moja kwa moja na kuanza kukaukiwa maji mwilini.

Virusi aina ya parvo B19 huleta ugonjwa ambao madaktari wa zamani waliuita ugonjwa wa tano, kwa kuwa ulikuwa wa tano katika orodha yao ya magonjwa ya vipele vya utotoni. Mashavu huiva kama yaliyopigwa kofi, kisha mikono na mapaja hupata michoro mfano wa wavu, inayoweza kupotea na kurudi kwa wiki kadhaa mtoto akipata joto. Rubela nayo huwa nyepesi: homa kidogo, vipele vinavyodumu kama siku tatu, na tezi zilizovimba nyuma ya masikio na kisogoni.

Baada ya yote hayo, jiandae kukuta kwamba vipele vya mtoto wako havifanani na chochote nilichoeleza. Vipo virusi vingi vya mafua na vya tumbo vinavyotoa madoa yasiyo na umbo maalumu, na mtoto mchangamfu mwenye madoa yanayofifia chini ya glasi hahitaji jina la ugonjwa ili apone.

Hatua ya tano: mhudumie nyumbani

Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto, si kwa umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa nafasi ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne katika saa 24. Mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 100 hadi 150 kwa wakati mmoja. Soma chupa uone ina miligramu ngapi katika kila mililita, kwani dawa ya matone huwa kali kuliko ya maji ya kawaida, na kuchanganya hizo mbili ni kosa linalojeruhi ini. Tumia bomba au kijiko cha kipimo kilichokuja na dawa.

Usimpe mtoto aspirini, kwa kuwa katika magonjwa ya virusi inahusishwa na madhara makali ya ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iepukwe kwa mwenye tetekuwanga, kwani imehusishwa na maambukizi makali ya bakteria kwenye ngozi. Antibiotiki haziui virusi, na kuzitumia bila sababu huongeza utata: vipele vikiongezeka, hakuna atakayejua kama ni ugonjwa au ni dawa. Ikiwa mtoto tayari anatumia antibiotiki na vipele vimeanza katikati ya dozi, mjulishe daktari kabla ya kutoa dozi nyingine. Midomo au uso ukivimba, au akianza kupumua kwa mluzi, hiyo ni dharura.

Kwa mtoto mwenye vidonda mdomoni, mpe vinywaji vya baridi visivyo na uchachu, mililita 5 kila baada ya dakika chache kwa kijiko au bomba, ukielekeza upande wa ndani wa shavu badala ya ulimi. Dawa ya homa ikitolewa nusu saa kabla ya chakula hupunguza maumivu ya kumeza. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kwa mwasho, mkate kucha ziwe fupi, mvalishe nguo nyepesi za pamba, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kusugua. Losheni ya kalamini inasaidia. Krimu zenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, zisipakwe bila ushauri, hata kama ziliwahi kumsaidia mtoto mwingine, kwa sababu hudhoofisha kinga ya ngozi pale pale inapohitajika. Malengelenge yasitumbuliwe.

Hatua ya sita: walinde walio karibu naye

Ukishuku surua au tetekuwanga, piga simu kituo cha afya kabla ya kwenda na ueleze unavyoshuku, ili mtoto apokelewe bila kukaa na wengine. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada ya kutokea. Aliyekaa na mgonjwa naye hajachanjwa anaweza bado kukingwa akipata chanjo ndani ya saa 72, kwa hiyo ulizia siku hiyo hiyo. Mwenye tetekuwanga abaki nyumbani hadi malengelenge yote yawe magaga makavu.

Mjamzito aliyekuwa karibu na mtoto mwenye vipele amwambie mkunga au daktari wake bila kusubiri kuugua, kwa kuwa rubela, parvo B19, tetekuwanga na surua zinaweza kumdhuru yeye au mimba. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, aliyekaa na mgonjwa wa parvo B19 aangaliwe kwa makini, maana virusi hivyo husimamisha utengenezaji wa damu kwa muda, na kwake muda huo unatosha kumwishia damu mwilini. Kwa ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, virusi hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Osha mikono kwa sabuni na maji kila baada ya kubadilisha nepi, na usitegemee vitakasa mikono vya alkoholi, ambavyo haviviui virusi hivyo vizuri.

Hatua ya saba: fuatilia hadi mwisho

Mrudishe mtoto kwa daktari homa ikifika siku ya tano bila kuisha, hata kama vipele vimepungua. Homa ya muda huo ikiambatana na macho mekundu yasiyo na matongotongo, midomo iliyopasuka, ulimi uliovimba vinundu na mikono au miguu iliyovimba, inaweza kuwa ugonjwa wa Kawasaki, uliopewa jina la daktari wa Japani, Tomisaku Kawasaki. Si ugonjwa wa kungojea upite, kwani hushambulia mishipa ya damu ya moyo, na matibabu hufanya kazi vizuri zaidi yakianza ndani ya siku kumi za mwanzo. Mrudishe pia homa ikiisha kwa siku moja au mbili kisha ikarudi, kipele kikianza kutoa usaha, au ngozi inayokizunguka ikivimba, ikiuma na kupata joto. Vipele vyenye mkwaruzo kama msasa pamoja na koo linalouma huenda vikatokana na bakteria, na hivyo huhitaji antibiotiki. Aliyeugua surua aangaliwe kwa miezi kadhaa, kwa sababu surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mwili na kumwacha wazi kwa magonjwa mengine.

Madoa meusi au meupe yanayobaki baada ya vipele kukauka hayahitaji krimu za kung'arisha. Ngozi huyarekebisha yenyewe, kwa wiki au miezi. Ngozi ya viganja inaweza kubanduka. Na wiki kadhaa baada ya ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, wakati kila mtu ameshausahau, unaweza kukuta ukucha wa mtoto umeachia kwenye shina na unaning'inia. Haumuumi, na ukucha mpya huwa umeshaanza kuchipua chini yake. Kata ile ncha iliyolegea isije ikanasa kwenye nguo, na uache sehemu iliyobaki idondoke kwa wakati wake.